Mashine ya Tatu

Fundi wa redio mimi, si fundi wa bahati,
lakini Alhamisi ile nilipigiwa simu:
mashine ya tatu, dukani kwa Mama Anzetse, sokoni Luanda,
imemeza sarafu tangu asubuhi, haijatapika hata moja.

Zilikuwa nne, nyuma ya magunia ya mahindi,
taa zikikonyeza mchana kweupe:
ndimu, kengele, saba nyekundu.
Watu walinizunguka kana kwamba nimekuja kufufua maiti,
na kila mmoja alikuwa na elimu yake.
Ambuka mpagazi alisema ya kwanza hulipa ikishiba;
ipapase tumbo, ukihisi joto, weka.
Mwingine akasema la, ya pili, kabla ya saa mbili asubuhi,
ingali na usingizi.
Kijana wa bodaboda alikuwa na daftari,
kurasa kumi na moja za ndimu, ndimu, tikiti,
akitafuta mahali hesabu itakapojikwaa.

Nikaifungua.
Ndani hamna matunda.
Mna ubao wa kijani mdogo kuliko kiganja
na kijidudu cheusi chenye miguu ishirini na minane
kinachochagua nambari hata pasipo mchezaji,
usiku, duka limefungwa, kinachagua, kinachagua,
na kidole chako kikigusa kitufe
kimeshamaliza.
Yale magurudumu yanayozunguka kiooni
ni mshenga tu anayerefusha maneno
ilhali jibu la baba mkwe analo mfukoni.

Pembeni, swichi nane, ndogo kama meno ya mtoto.
Hiyo ndiyo elimu yenyewe.
Ukizisukuma juu, katika kila mia mashine hurudisha sabini.
Ukizishusha, hamsini na tano.
Haikurudishii wewe. Hulirudishia soko.
Nikachungulia zile nyingine tatu.
Zote zilikuwa zimeshushwa.

Kisha nikaingiza koleo kwenye koo la sarafu.
Kikatoka kifungo cha shati,
kizibo cha soda kilichopigwa nyundo kikawa bapa,
na sarafu ya ishirini yenye tundu ukingoni,
uzi wa samawati umefungwa hapo, umekatika.

Uzi ule naujua.
Sketi za binti yangu zimeshonwa nao,
sare ya shule iliyo ng'ambo ya reli,
na mshonaji wake ni mmoja.
Nilimtazama Okwaro mlangoni, tepu shingoni.
Aliangalia dari.

"Ni nini?" akauliza Mama Anzetse.
Nikasema, "Kutu."

Jioni alikuja kibandani kwangu.
Hakugusia uzi. Alisema tu,
"Wewe umeona matumbo yao. Ipi?"
Nikamweleza yote: ubao, swichi, hamsini na tano,
kwamba haikujui, haikumbuki ulichopoteza jana.
Akafikiri, akiviringisha tepu kidoleni.
"Kama haikumbuki," akasema, "basi haina kinyongo nami."

Sikuwa na jibu.
Nikampa sarafu yake, na uzi wake.

Alikoenda nayo sitasema.
Nitasema hili: kabla sijaondoka dukani
niliijaribu, fundi lazima ajaribu,
mbao moja, ya kazi.
Kengele. Kengele. Kengele.
Sinia ikapokea sarafu kama bati linavyopokea mvua ya mawe.
Nilizirudisha zote, mbele ya mashahidi,
nikalipwa mia tano zangu, nikaenda.

Najua swichi zilipo. Najua mshenga ni mwongo.
Na bado, nikilehemu usiku,
kichwa kimeinamia redio ya mtu,
sikio langu la kushoto
linaisikiliza ile sinia.